Foklifti ya Ardhi Korofi au Telehandla: Uamuzi Huanzia Pale Mzigo Unapotua

Katika vikao vya kupanga kazi ninavyohudhuria kama msimamizi wa mitambo, swali la mtambo wa kunyanyulia huulizwa karibu kila mara kwa namna moja: unabeba tani ngapi? Mkandarasi akishasikia tani nne huuliza bei ya kukodi kwa siku, hulinganisha na bei ya ule mwingine, na kikao huendelea na ajenda inayofuata. Kwa maoni yangu swali la tani lingestahili kuwa la tatu. La kwanza ni mahali mzigo utakapotua, na la pili ni mahali magurudumu ya mbele yatakapokuwa yamesimama wakati mzigo huo unatua. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaoamua kama kazi ni ya foklifti ya ardhi korofi au ya telehandla, na mara nyingi ndio unaoamua pia kama mtambo utabaki umesimama wima.

Foklifti ya ardhi korofi ina mlingoti wima mbele, meno yanayopanda na kushuka juu ya mlingoti huo, magurudumu makubwa ya mbele yenye kashata za kina, na kimo cha kutosha kutoka ardhini ili tumbo lisikwame kwenye matuta. Asili yake ni trekta la shamba. Mwaka 1958 Mfaransa Marcel Braud aligeuza trekta ili dereva aelekee nyuma, akafunga mlingoti juu ya ekseli yenye magurudumu makubwa, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya Manitou. Telehandla ilikuja baadaye. Badala ya mlingoti ina mkono mmoja ulioegemezwa nyuma ya mtambo, ambao hupanda kwa pembe na kurefuka kwa vipande vinavyochomoza kimoja kutoka ndani ya kingine. Kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuuza Loadall yake mwaka 1977, na leo katika sehemu kubwa ya Ulaya mtambo wa aina hiyo umechukua kazi nyingi zilizokuwa za foklifti ya mlingoti. Hapa kwetu zote mbili zipo, nyingi zikiwa zimeingia kama mitumba, na ndiyo maana uchaguzi bado una maana.

Tofauti ya kweli iko kwenye bamba la uwezo. Bamba la foklifti husomeka kwa urahisi: tani tatu, kitovu cha mzigo milimita 500. Maana yake ni kwamba tani hizo tatu zinahesabiwa pale katikati ya uzito wa mzigo inapokuwa nusu mita kutoka kwenye uso wima wa meno, pale mzigo unapoegemea. Tuchukulie kwamba uso huo wa meno uko nusu mita nyingine mbele ya ekseli ya mbele. Mzigo basi unavuta kwa mkono wa mita moja, na mtambo unahimili mvuto wa tani tatu kwa mita moja. Sasa leta kreti ya mbao za dari yenye kina cha mita 1.8, uibebe upande wake mrefu ukielekea mbele. Kitovu chake kimesogea hadi sentimita 90, mkono wa mvuto umekuwa mita 1.4, na uwezo umeshuka hadi tani 2.1 hivi, ingawa bamba bado limeandikwa tatu. Hesabu hii ni ya kukadiria, na jedwali la mtengenezaji ndilo lenye neno la mwisho, hasa mlingoti unapokuwa juu kabisa ambapo watengenezaji wengi hupunguza zaidi. Hata hivyo, opereta akiielewa hesabu hii moja ameelewa sehemu kubwa ya foklifti, kwa kuwa mlingoti unapandisha na kushusha mzigo bila kuusogeza mbele.

Telehandla haina namba moja. Ina jedwali lenye mistari iliyopinda, ambalo hueleza uwezo kwa kila kimo na kila umbali wa mbele. Ile tani nne iliyoandikwa ubavuni ni ya pale mkono umerudishwa ndani na mzigo uko karibu na magurudumu. Mashine ya daraja la mita 17, yaani inayoweza kufikisha mzigo kimo hicho, ikinyoosha mkono wote mbele, hubaki na uwezo wa mamia ya kilo tu. Watu hudhani mtengenezaji ameweka tahadhari ya kupita kiasi, lakini sababu ni kwamba mkono wenyewe ni chuma kizito, na unapochomoza, uzito wake nao unasogea mbele na kula sehemu ya uwezo kabla mzigo haujafika.

Kuna mwendo mmoja wa telehandla ambao nadhani ungestahili kufundishwa kabla ya mwingine wowote. Opereta ameinua mzigo kwa mkono wenye urefu wa mita 14 ukiwa kwenye pembe ya nyuzi 60, ambapo umbali wa mbele ni mita saba. Anaona mtambo unalalamika, na kama mtu yeyote mwenye busara ya kawaida anaamua kuushusha mzigo chini. Mkono ukifika nyuzi 30, umbali wa mbele umekuwa mita 12. Kwa kushusha ameusukuma mzigo mita tano zaidi kuelekea upande ambao mtambo ungependa kuangukia. Njia sahihi ni kuurudisha mkono ndani kwanza, kisha kushusha. Opereta aliyezoea mlingoti hana sababu ya kulijua jambo hili, kwa sababu kwenye foklifti kushusha mzigo ni usalama siku zote. Kwa hiyo cheti cha foklifti pekee hakinitoshi ninapompangia mtu telehandla, hata awe na uzoefu wa miaka mingi.

Mashine mpya hujilinda zenyewe kwa kiasi fulani. Kiwango cha Ulaya cha EN 15000 kinataka telehandla iwe na kifaa kinachopima mvuto wa mbele na kuzima miendo inayozidisha hatari, na mashine zilizotengenezwa kukidhi kiwango hicho hukataa kabisa kushusha au kurefusha zinapofika kikomo. Tatizo letu ni mitumba. Mashine nyingi za zamani zina taa za onyo tu, na nyingine zina kifaa kilichozimwa kwa waya na fundi aliyechoka kusikia kengele. Zaidi ya hayo, kifaa hicho hupima mvuto wa kwenda mbele. Hakikuhakikishii kwamba mtambo hautalala ubavu.

Kulala ubavu kunatupeleka kwenye ardhi, na hapa nitazungumzia Dodoma ninakofanyia kazi. Mvua zetu huanza takriban Desemba na kuisha Aprili, na maeneo mengi yana udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka na masika huvimba na kuteleza. Chukua saiti yenye mwinamo wa nyuzi tatu kwenda pembeni, mwinamo ambao mtu akitembea hauoni. Mzigo uliopandishwa mita nne juu utakuwa umehama sentimita 21 kutoka kwenye mstari wa katikati. Mzigo uliopandishwa mita 15 utakuwa umehama karibu sentimita 79. Mitambo hii yote miwili kwa kawaida ina ekseli ya nyuma inayocheza juu na chini kufuata ardhi, hivyo uthabiti wake unasimama juu ya pembetatu yenye ncha mbili kwenye magurudumu ya mbele na moja katikati ya ekseli ya nyuma, na sentimita 79 ndani ya pembetatu hiyo ni nyingi mno. Telehandla kubwa zina mfumo wa kusawazisha fremu na miguu ya mbele ya kutulizia, na miguu hiyo ndiyo inayomrudishia mkandarasi thamani ya pesa yake. Kusawazisha hufanyika mkono ukiwa chini, kabla ya kuinua. Anayesawazisha mzigo ukiwa tayari juu anautikisa mnara kutoka kwenye shina lake.

Miguu nayo ina hesabu yake. Mashine ya mita 17 ina uzito wa tani 12 hivi, na inapobeba mzigo mbele, karibu uzito wote huhamia mbele. Tuseme mguu mmoja umebeba tani saba na bamba lake ni sentimita 40 kwa 40. Shinikizo chini ya bamba hilo ni karibu kilopaskali 430, na udongo mweusi uliolowa hauwezi kubeba hata robo ya hapo. Mguu utazama taratibu, wa upande mmoja zaidi ya mwingine, na mwinamo tuliotoka kuuzungumzia utatengenezwa na mtambo wenyewe wakati mzigo uko hewani. Dawa yake ni mbao nene au mabamba ya chuma yanayosambaza uzito kwenye eneo la mita moja ya mraba au zaidi, juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Foklifti ya mlingoti haikwepi tatizo la udongo laini, lakini kwa kuwa haisimami ikinyoosha mkono kwa dakika kadhaa, madhara yake huwa ya kukwama zaidi kuliko ya kupinduka. Mtambo uliokwama huvutwa na kazi ikaendelea.

Sasa tuchukue jengo la kawaida la ofisi au hosteli, sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake, kimo cha mita 3.2 kwa kila ghorofa. Slabu ziko mita 3.2, 6.4 na 9.6, na ukuta wa juu unaishia mita 12.8. Tofali la inchi sita lisilo na tundu lina kilo 30 hivi, kwa hiyo paleti ya tofali 50 ni tani moja na nusu. Kwa kazi ya chini na kwa slabu ya kwanza, foklifti ya tani tatu yenye mlingoti wa mita tano au sita inatosha kwa upande wa kimo, mradi kifusi kimerudishwa kuzunguka msingi na kushindiliwa hadi karibu na ukuta. Kwa slabu ya pili mambo huanza kubana. Mlingoti mrefu wa karibu mita 6.7 unaifikia kwa karatasi, lakini meno lazima yapite juu ya ukingo wa jukwaa la mafundi, yaingie, kisha yashuke kidogo ili paleti ikae na meno yatoke. Sentimita 30 zinazobaki ni chache mno kwa opereta anayetazama juu dhidi ya jua. Kwa slabu ya tatu na paa hakuna mjadala: ni telehandla, au kreni, au winchi na watu.

Lakini kimo ni nusu tu ya hoja. Jukwaa la mafundi kuzunguka jengo lina upana wa mita moja na ziada, na meno ya foklifti yana urefu wa takriban mita 1.2. Foklifti haiwezi kuvuka jukwaa hilo na kuweka mzigo juu ya slabu, hata iwe slabu ya kwanza. Ama jukwaa liachwe pengo, ama lijengewe sehemu ya kupokelea mzigo iliyokazwa kwa hesabu ya mhandisi, ama utumie mkono unaovuka. Nimewahi kusimamia kazi ambayo sehemu ya kupokelea ilijengwa vizuri, na foklifti ikafanya kazi ya ghorofa ya kwanza yote bila telehandla kukanyaga saiti. Gharama ya mabomba na mbao ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya kodi. Mtaro wa msingi ulio wazi nao huongeza umbali, kwa sababu magurudumu hayapaswi kukaribia ukingo wake, na kila mita ya kujitenga ni mita ambayo mlingoti hauna.

Kabla hujashangilia kwamba telehandla imefikisha paleti ghorofani, muulize mhandisi wa jengo kama slabu inaihitaji zawadi hiyo. Tani moja na nusu juu ya eneo la mita 1.2 kwa mita 1 ni shinikizo la zaidi ya kilopaskali 12, wakati sakafu za ofisi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa matumizi wa kilopaskali mbili na nusu au tatu. Paleti moja si jengo zima, na mzigo uliokaa juu ya boriti si sawa na uliokaa katikati ya slabu, lakini paleti sita zilizopangwa mahali pamoja kwa kuwa ndipo mkono ulipofika, juu ya zege ambalo bado halijakomaa na nguzo za muda za kulishikilia kutoka chini zimeshatolewa, ni jambo linaloweza kuacha nyufa. Winchi ya kamba inayopandisha ndoo moja moja haina hatari hii, na sioni aibu kuitetea. Katika majengo mengi ya ghorofa mbili winchi na vijana wanne bado ni hesabu bora kuliko mtambo wowote kati ya hii miwili.

Lipo jambo lingine la kwetu ambalo majedwali ya Ulaya hayaligusi: paleti. Viwanda vingi vya tofali na maduka ya saruji hutuletea mzigo uliomwagwa au kupangwa moja kwa moja kwenye bodi ya lori. Mifuko ya kilo 50 hupangwa juu kwa juu bila nafasi ya meno kuingia. Mtambo uliokodiwa kwa pesa nyingi husimama ukiunguruma huku saidia fundi wakishusha tofali kwa mikono na kuzipanga upya juu ya mbao zilizogongwa haraka, ambazo nyingine huvunjika mzigo ukiwa mita tatu juu. Ukitaka mtambo wa aina yoyote ulipe, agiza mzigo ukiwa kwenye paleti zilizofungwa kwa mikanda, ukubaliane na mwuzaji kuhusu kuzirudisha, au zitengeneze mwenyewe kwa mbao ngumu zenye kipimo kimoja. Nimeona mradi ukibadilisha mtambo mara mbili kutafuta kasi, wakati kilichokosekana kilikuwa paleti.

Kwenye kushusha malori mitambo hii hutofautiana kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Bodi ya lori ina upana wa karibu mita mbili na nusu. Foklifti inashusha nusu ya upande wake, kisha lazima izunguke upande wa pili. Kwenye kiwanja chenye nafasi hilo si neno, na kwa kweli inashinda kwa wepesi na kwa jinsi opereta anavyoona meno yote mawili kupitia katikati ya mlingoti. Kwenye kiwanja cha mjini ambapo lori limebanwa ukutani, telehandla ndogo ya mita sita au saba inavuta paleti za upande wa mbali bila kuzunguka, na usukani wake wa magurudumu manne unaiwezesha kugeuka mahali ambapo foklifti ingehitaji kurudi nyuma tena na tena. Gharama ya wepesi huo ni upande wa kulia: mkono ukiwa chini huziba macho ya opereta upande huo, na bila kioo kizuri na mtu wa kutoa ishara, huko ndiko mtu hugongwa.

Kufunga kenchi za chuma na kubeba nondo za mita 12 ni kazi ya telehandla yenye ndoano ya mtengenezaji, kwa mwendo wa taratibu na kamba za kuongozea, na jedwali la uwezo linalosomwa ni la ndoano, wala si la meno. Kamba iliyofungwa kwenye meno na kuning'iniza mzigo siikubali kwenye mtambo wowote. Siku za upepo, ambao Dodoma hatukosi, bati ndefu zibaki chini. Kikapu cha kubebea watu kiwe kile kilichotengenezwa kwa mtambo huo na kuidhinishwa kwa ajili ya watu. Pipa lililokatwa au paleti haviwi kikapu hata kwa dakika moja ya kufunga taa.

Kuhusu foklifti ya godauni, ile yenye magurudumu madogo magumu ambayo mwenye mradi huileta kwa sababu tayari anayo, nitasema kwa ufupi tu kwamba ni mtambo wa sakafu ya zege. Kijiko kinachonyanyulia mizigo kwa mnyororo uliopitishwa kwenye jino la ndoo nacho kiachwe kichimbe.

Matengenezo ya foklifti ni mepesi zaidi. Unatazama minyororo ya mlingoti kama imerefuka, na unapima unene wa meno kwenye kona yake, kwa kuwa jino lililolika asilimia 10 ya unene limepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu na halina tena kazi. Telehandla ina hayo ya meno, halafu ina vipande vya plastiki ngumu vinavyoteleza ndani ya mkono, ambavyo vumbi la kiangazi likichanganyika na grisi huvisaga kama msasa, pamoja na mipira ya haidroliki iliyopita ndani ya mkono ambako fundi haifikii bila kufungua. Mkono unaocheza kushoto na kulia ukiwa umechomoza ni dalili kwamba vipande hivyo vimekwisha.

Kwa miradi ya ukubwa nilioueleza, pendekezo langu kwa wakandarasi limekuwa kukodi foklifti ya ardhi korofi kwa muda mrefu wa mradi, na kuleta telehandla ya mita 14 au 17 kwa wiki chache zilizopangwa, tofali za ghorofa za juu na kenchi zikiwa tayari saiti. Mtambo mkubwa ukitoka Dar es Salaam husafirishwa kwa lobedi, yaani trela lenye bodi ya chini, umbali wa takriban kilomita 450, na usafiri huo hulipwa kwenda na kurudi hata ukifanya kazi siku tatu, hivyo kuuita mara mbili kwa mpango mbovu kunafuta faida yote. Kiwanja kikiwa finyu na malori yakiingia kwa upande mmoja, nageuza pendekezo: telehandla ndogo peke yake mwanzo hadi mwisho, bila foklifti.

Mtambo unapofika getini naomba vitu vitatu kabla ya kusaini: cheti cha ukaguzi cha OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) ambacho muda wake haujapita, cheti cha opereta kwa aina hiyo hiyo ya mtambo, na jedwali la uwezo likiwa ndani ya kibanda, la modeli hiyo na la kifaa kilichofungwa mbele. Mara kwa mara jedwali huwa nakala ya modeli nyingine yenye jina linalofanana. Hapo naandika hati ya kuurudisha mtambo ungali juu ya lobedi, kwa sababu ukishashushwa saa za kukodi huanza kuhesabiwa.